Kompyuta ya mhandisi: programu hutangulia mashine

Mwezi Juni mwaka 2006 kampuni ya EADS, mmiliki mkuu wa kiwanda cha ndege cha Airbus, ilitangaza kwamba ndege yake kubwa, A380, ingechelewa tena kuwafikia wateja. Hisa zake zikaporomoka kwa takriban asilimia 26 kwa siku moja, na mwanzoni mwa mwezi uliofuata wakuu wawili, Noël Forgeard wa EADS na Gustav Humbert wa Airbus, wakajiuzulu. Ndege yenyewe ilikuwa imekwisha kuruka tangu Aprili 2005. Kilichoikwamisha ni nyaya. Kila A380 hubeba nyaya zenye urefu wa takriban kilomita 530, na mafungu ya nyaya yaliyotoka Hamburg yalipofikishwa Toulouse kufungwa, baadhi yalikuwa mafupi, hayafiki yalikotakiwa kufika. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wasanifu wa Ujerumani na Hispania walichora kwa toleo la nne la programu ya CATIA, huku wenzao wa Ufaransa na Uingereza wakitumia toleo la tano, na michoro ya toleo moja haikuhamia salama kwenye toleo jingine. Toleo la nne lilikuwa la kompyuta za Unix. La tano liliandikwa upya mwishoni mwa miaka ya 1990 ili liweze kutumika kwenye Windows pia.

Anayetafuta kompyuta ya mtumba ili achore vipuri vya mashine, mihimili ya jengo au mabomba ya kiwanda yuko mbali sana na Toulouse, lakini mtego ulioinasa Airbus ndio unaomngoja na yeye, na mfuko wake hauna uwezo wa kubeba hasara ya namna ile. Akiingia dukani anauliza prosesa ina kasi gani, diski ni kubwa kiasi gani, na bei inashuka mpaka wapi. Maswali hayo yote ni ya haki, ila yamekuja mapema mno. Anachonunua kwa kweli ni uwezo wa kuendesha programu fulani, ya toleo fulani, kwa leseni halali, na kufungua mafaili ya watu anaofanya nao kazi. Akishajua hayo, mashine karibu inajichagua yenyewe, na mara nyingi ndiyo inayogharimu kidogo kuliko vyote. Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine unatoka kwenye kompyuta za Unix za miaka ya 1990, kwa sababu bei zake ziliporomoka kwa kishindo mpaka mnunuzi akadhani ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Miaka hiyo kompyuta ya kawaida ya ofisini haikuwa na nguvu za kuchora maumbo ya pande tatu. Pro/ENGINEER, programu ya kampuni ya Parametric Technology ambayo Samuel Geisberg aliianzisha mwaka 1985 kule Marekani, ilikuwa na hesabu nyingi na nzito kiasi kwamba ilihitaji mashine zilizojengwa kwa kazi hiyo tu. Familia kubwa za mashine hizo zilikuwa tano. Sun Microsystems ilitumia chipu za SPARC na mfumo endeshi wa Solaris. Silicon Graphics, kampuni ya Jim Clark, ilikuwa na chipu za MIPS na mfumo wa IRIX. Hewlett-Packard ilikuwa na PA-RISC na HP-UX. IBM ilitoa RS/6000 mwaka 1990 pamoja na mfumo wa AIX. Digital nayo ikaja na chipu ya Alpha mwaka 1992. Zote tano ziliitwa kompyuta za Unix, na hapo ndipo mgeni anapopotea, kwa kuwa jina hilo moja halimaanishi kwamba zinapokezana programu. Programu iliyoandaliwa kwa Sun haiwaki kwenye Silicon Graphics, ya IBM haiwaki kwenye HP. Hata ndani ya nyumba moja, programu iliyozoea HP-UX 10.20 inaweza kugoma kwenye toleo linalofuata. Kwa hiyo diski iliyoandikwa “Unix” peke yake haimwambii mnunuzi chochote. Lazima ajue chipu, mfumo na namba ya toleo la mfumo huo.

Mashine hizi zilipokuwa mpya ziliuzwa kwa maelfu ya dola, na zile za juu kwa makumi ya maelfu. Kisha mambo mawili yakafuatana. Kwanza, chipu za Intel zikapata nguvu na Windows NT ikakomaa, na mwaka 1995 ikatoka SolidWorks, programu ya usanifu wa pande tatu iliyoandikwa kwa Windows tangu mwanzo. Miaka miwili baadaye Dassault Systèmes, watengenezaji wa CATIA wenyewe, wakainunua SolidWorks kwa dola milioni 310. Mwaka huohuo wa 1997 Autodesk ilitoa AutoCAD toleo la 14 kwa Windows tu, na watumiaji wake wa Unix wakaachwa na toleo la 13. Pili, kampuni nyingi za intaneti zilifilisika kuanzia mwaka 2000, na mashine za Sun zilizokuwa kwenye ofisi zao zikamwagika minadani. Bei ikashuka hadi mamia ya dola na ikaendelea kushuka. Mnunuzi anapaswa kuitazama vizuri sababu ya anguko hilo. Mashine hazikuwa zimeharibika, nyingi zilifanya kazi bila kasoro. Zilikosa thamani kwa sababu programu zilikuwa zinahama. Aliyesikia bei nafuu bila kuuliza kwa nini ni nafuu alikuwa ananunua nyumba kwenye mtaa ambao watu wote wanaondoka.

Leseni ndiyo inayowashangaza wengi. Programu za usanifu za daraja la juu hazikuuzwa kama kitabu ambacho ukikinunua ni chako. Mara nyingi leseni ilifungwa kwenye namba ya utambulisho ya kompyuta moja, na programu ndogo ya kusimamia leseni, iliyoenea zaidi ikiwa FLEXlm, iliikagua namba hiyo kila programu ilipofunguliwa. Mikataba mingi ya leseni haikumruhusu mteja kumuuzia mtu mwingine bila kibali cha kampuni. Ndiyo maana mashine iliyouzwa mnadani ikiwa na programu ya maelfu ya dola ndani ya diski haikumpa mnunuzi programu hiyo. Alipata mafaili yake tu, na haki ya kuyatumia ilibaki kwa mmiliki wa zamani au ilikuwa imekwisha kufa.

Kwenye Sun suala hili lina sura unayoweza kuishika kwa vidole. Namba ya utambulisho wa mashine haikuchongwa kwenye prosesa. Ilihifadhiwa ndani ya chipu ndogo nyeusi iliyo kwenye ubao mkuu, chipu iliyobebeshwa betri mgongoni na kufunikwa kwa plastiki ngumu, ikitunza pia saa na mipangilio ya kuwashia. Betri hiyo haichajiwi na haikukusudiwa kubadilishwa. Baada ya miaka kumi hivi inakufa, na mashine ikiwashwa inaandika kwenye skrini kwamba kumbukumbu ya utambulisho si halali. Anwani yake ya mtandao inageuka mstari wa herufi f tupu, na leseni iliyofungwa kwenye namba ya zamani haiitambui tena. Mafundi waligundua njia mbili: kununua chipu mpya, au kuukwangua ule mfuniko wa plastiki taratibu mpaka nyaya za betri zionekane, kisha kuunganisha kwa risasi betri ya kawaida ya duara, kama ile ya saa. Baadaye namba ya asili inaandikwa upya kwa mkono kabla mfumo endeshi haujaanza. Kazi hiyo inafanyika na ni halali kwa mwenye mashine anayerudisha namba yake. Lakini uwezekano huohuo unaonyesha kitu kingine: anayeandika namba ya mashine ya mtu mwingine ili atumie leseni ya mtu huyo anaiba, hata kama bisibisi ni yake na betri kainunua mwenyewe. Mnunuzi wa Sun ya mtumba basi alikuwa na swali la kuuliza kabla ya kasi ya prosesa, nalo ni kama namba ya utambulisho ipo hai na imeandikwa mahali fulani.

Kadi ya grafiki ni eneo la pili ambako kujua programu kuliokoa fedha. Silicon Graphics ilipotoa Octane mwaka 1997, mteja aliweza kuchagua kadi za SI, SSI au MXI. SI ilikuwa ya chini. SSI iliongezewa nguvu za kuchora, na MXI ikawa na nguvu hizo pamoja na kumbukumbu maalumu ya nakshi, yaani nafasi ya kutunza picha zinazobandikwa juu ya umbo ili ukuta uonekane wa matofali na meza ionekane ya mbao. Watengenezaji wa filamu waliihitaji sana kumbukumbu hiyo. Mhandisi anayechora gia hana matofali ya kubandika. Anataka umbo la rangi moja lenye kivuli kinachobadilika anapoligeuza, na hilo SI na SSI zililifanya vizuri. Kwenye soko la mtumba aliyeuliza “ipi kubwa zaidi” alilipia kitu ambacho programu yake isingekigusa. Kwa Sun kosa lilielekea upande wa pili. Ultra 5 na Ultra 10, zote za mwaka 1998, zinafanana sana kwa ndani, na anayesoma tangazo la muuzaji angeweza kuziona kuwa ni moja katika makasha tofauti. Ila kasha la Ultra 10 lina nafasi ya kuchomeka kadi ya grafiki ya Creator3D, na lile bapa la Ultra 5 halina. Kwa mtu wa barua pepe tofauti hiyo ni bure. Kwa anayezungusha injini nzima kwenye skrini, ndiyo inayoamua kama atafanya kazi au atasubiri.

Kuhusu prosesa, imani ya kwamba nyingi ni bora ilikuwa na makosa wakati ule na ina makosa hata sasa. Programu kama Pro/ENGINEER huhifadhi kipande kama mfululizo wa hatua: chora duara, livute liwe silinda, toboa tundu katikati, kata ukingo, rudia tundu mara sita kuzunguka. Ukibadilisha kipimo cha hatua ya pili, hatua zote zinazofuata zinapigwa hesabu upya, moja baada ya nyingine, kwa kuwa tundu haliwezi kujua litakaa wapi kabla silinda haijawa na ukubwa. Kazi ya namna hiyo haigawanyiki kwa urahisi. Octane yenye prosesa mbili iliiacha ya pili ikikaa bure muda mwingi wa uchoraji, ingawa ilisaidia sana kwenye hesabu za mikazo na joto, ambazo hugawanywa vipande vipande. Kwa mchoraji, prosesa moja yenye kasi ilikuwa bora kuliko mbili za polepole kwa bei ileile. Kumbukumbu ndiyo ilistahili fedha iliyobaki, maana ikijaa mashine huanza kuandika kwenye diski, na hapo kasi yote inayosifiwa inapotea. Nayo ilikuwa na mtego wake: Octane ilikubali hadi gigabaiti 8 na O2, mashine nyingine ya Silicon Graphics, iliishia gigabaiti 1, na zote mbili zilitumia vibao vya kumbukumbu vya aina yake, visivyoazimika kutoka kompyuta ya kawaida.

Wapo wanaosema mashine za zamani zilijengwa imara, zinadumu, na kwamba chuma cha Octane au cha HP kitawaona wajukuu zetu. Kuhusu uimara hawajakosea. Lakini uimara wa kasha haurefushi maisha ya programu. Silicon Graphics iliacha kutengeneza mashine za MIPS mwishoni mwa mwaka 2006, na toleo la mwisho la IRIX, 6.5.30, lilitoka mwaka huohuo. Sun iliuza kompyuta yake ya mwisho ya mezani yenye SPARC, Ultra 45, mpaka mwaka 2008, na miaka miwili baadaye kampuni yenyewe ikamezwa na Oracle. Alpha ilipita mikononi mwa Compaq mwaka 1998, kisha HP mwaka 2002, ikazimwa. Hakuna tena anayeziba matundu ya usalama ya IRIX wala ya matoleo ya zamani ya mifumo hiyo mingine, kwa hiyo kuiunganisha mashine hiyo kwenye intaneti ni kuacha mlango wazi. Umeme nao unahesabika: mashine na kioo cha zamani cha inchi 21 vikivuta pamoja wati 300 kwa saa nane, ni uniti 2.4 kila siku, na mita ya LUKU haijali kama ulinunua kwa bei ya kutupa.

Mafaili ni tatizo kubwa kuliko umeme. Toleo la zamani halifungui faili la toleo jipya, na mteja wako hatarudi nyuma miaka ishirini kukufurahisha. Kuna lugha ya kati, STEP, iliyotolewa kama kiwango cha kimataifa ISO 10303 mwaka 1994, na karibu kila programu ya usanifu huisoma na kuiandika. Hiyo inahamisha umbo, na ni msaada mkubwa. Haihamishi zile hatua zilizolizaa umbo. Unapokea gia iliyo kamili lakini iliyoganda, na mteja akitaka meno 24 badala ya 22, unarudi kuchora upya.

Pingamizi zito zaidi kwa hapa kwetu ni la leseni. Watu husema waziwazi: leseni ananunua nani? Programu zimejaa kwenye flashi za mafundi, zimevunjwa kufuli, zinawekwa kwa bei ya chakula cha mchana. Sheria iko wazi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinalinda programu za kompyuta, lakini sitaki kuegemea sheria peke yake. Mhandisi aliyesajiliwa hutia saini na muhuri kwenye mchoro, na kwa saini hiyo anabeba dhamana ya watu watakaopita juu ya daraja au kusimama kando ya tangi la mvuke. Programu aliyoifungua mtu asiyejulikana, akabadilisha mafaili yake ndani, haiwezi kudhaminiwa. Ikikosea hesabu ya mkazo, hakuna wa kumpigia simu. Na kufuli lililovunjwa halimuondolei mtu kazi ya kuchagua mashine: programu ya wizi nayo inadai toleo lake la mfumo, kadi yake ya grafiki na kumbukumbu yake ileile.

Jibu la kweli kwa asiye na fedha za leseni ni programu huria, na hapa Unix inarudi kwa heshima, kupitia mtoto wake wa ukoo, Linux. BRL-CAD ilianzishwa na Mike Muuss kwenye maabara ya jeshi la Marekani mwaka 1979, ikatumika kwa miaka mingi kwenye mashine za Unix, na tangu Desemba 2004 iko wazi kwa yeyote kuipakua na kuibadilisha. Kwa kazi ya kawaida ya vipuri FreeCAD inafaa zaidi, maana nayo huhifadhi hatua kwa hatua kama zile programu za gharama. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 na lilipunguza sana udhaifu wake wa muda mrefu, ule wa kusahau ni uso upi wa umbo uliokuwa umeshikiliwa na hatua fulani pindi hatua ya nyuma inapobadilishwa. Bado inalemewa na mitambo yenye mamia ya vipande, na mteja anayedai faili la SolidWorks hataridhika nayo. Karakana inayochora mabano, fremu, mashine za kukoboa na viunzi vya mageti inaweza kufanya kazi yake yote humo bila kudaiwa senti.

Anayelazimika kutumia programu ya kulipia afanye hesabu kabla ya kushika mashine yoyote. Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016; AutoCAD sasa hukodishwa, na kule Marekani kodi hiyo ni takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kodi ya miaka mitatu inaipita kwa mbali bei ya kompyuta nzuri ya mtumba. Mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa JKUAT ya Kenya anaweza kupata leseni ya masomo ya Autodesk bila malipo, ila hiyo ni ya kujifunzia na haimruhusu kuchora kazi ya mteja. AutoCAD na SolidWorks hazina toleo la Linux. Anayezihitaji anahitaji Windows inayopokea marekebisho ya usalama, na hilo peke yake linaondoa mezani nusu ya mashine atakazooneshwa.

Maduka ya Kariakoo na ya katikati ya Nairobi yana kompyuta za kazi nzito zilizotolewa kwenye ofisi za Ulaya na kwingineko, hasa HP za mfululizo wa Z na Dell Precision. Nyingi ni mashine nzuri sana, na ndizo ninazomshauri mtu wa kipato cha kati azitafute. Chukua HP Z440 ya mwaka 2014. Inaweza kuja na prosesa ya Xeon E5-1620 v3 yenye viini vinne vya gigahezi 3.5, au E5-2620 v3 yenye viini sita vya gigahezi 2.4. Muuzaji ataisifu ya viini sita. Kwa kuchora chagua ya viini vinne, kwa sababu ileile iliyoifanya prosesa ya pili ya Octane ikae bure. Inatumia vibao vya kumbukumbu vya DDR4 vya seva, huku kaka yake Z420 akitumia DDR3 ya aina nyingine kabisa, kwa hiyo usinunue kumbukumbu ya ziada kabla ya kufungua kasha na kusoma lebo. Pasisapulai yake si ya umbo la kawaida. Ikiungua usitegemee kuweka yoyote iliyo dukani. Kadi kama Quadro K2200 inatosha kwa michoro ya ukubwa wa kati, lakini ilinganishe kwanza na orodha ya kadi zilizoidhinishwa ambayo mtengenezaji wa programu yako anaitoa. Halafu kuna ukuta ambao watu wa Unix waliugonga zamani: Windows 10 iliisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi hicho hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Ofisi za Ulaya zinaziuza mashine hizi zikiwa nzima kwa sababu hiyohiyo, na bei inashuka kwa sababu hiyohiyo. Kwa mtu wa FreeCAD na Linux hiyo ni neema tupu, kwa kuwa Linux inaziendesha bila taabu. Kwa mtu wa SolidWorks ni onyo atafute kizazi cha baadaye hata kama bei inapanda.

Je, yupo bado anayepaswa kununua Sun, Octane au RS/6000 leo? Yupo mmoja. Boeing 777 ilisanifiwa kwa CATIA na kuruka mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994, na ndege za aina hiyo bado zinabeba abiria. Mitambo huishi kuliko kompyuta zilizoichora. Kiwanda chenye michoro ya asili kwenye toleo la nne la CATIA au Pro/ENGINEER ya zamani, na chenye leseni yake halali, kina haki ya kutafuta mashine iliyo sawasawa na ile kinayoitumia, iwe ya akiba, na kuanza kuhamisha kazi zake mapema huku ya kwanza ikiwa hai. Nje ya hapo, kununua mashine hizo kwa kazi mpya ya usanifu ni kupoteza fedha, hata kama muuzaji anakupa bure na usafiri juu yake.

Wewe unayeelekea dukani wiki hii, andika kwanza kwenye karatasi jina la programu, toleo lake, mfumo endeshi inaoutaka na kadi inazozikubali. Mwambie muuzaji aiwashe mashine mbele yako, aiache ipime kumbukumbu kwa saa nzima, kisha ufungue mchoro mkubwa kuliko yote ulionao na kuuzungusha. Akikataa, nenda duka la pili.